Pampu Iliyo Kaburini Kwako

Fundi wangu Ambokile,

Mugonile, mwalimu wangu. Hali yako ikoje huko ulikolala? Kifua kimetulia? Huku kwetu, kwa neema ya Mungu, tupo. Mkeo Mama Tumaini mzima, na kakao imezaa. Mimi ndiye si mzima. Naogopa, Fundi, na sina mwingine wa kumwambia.

Unalikumbuka lile gari jekundu la mbio, la milango miwili, aliloliacha yule Mzungu wa shamba? Uliing'oa pampu yake ya hewa, ile ya kusafisha moshi, pamoja na vibomba vyake, ukaziba matundu kwa bolti huku ukicheka: "Moshi wa Kyela una dhambi gani mpaka uogeshwe?" Tukaitupa kwenye rundo la vyuma.

Sasa gari ni la Mzee Mussa, mfanyabiashara wa Katumba Songwe. Anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila kitu kiwe chake chenyewe, hata kikiwa na kutu. Nimetafuta Mbeya, nimevuka mpaka Karonga. Siku hizi biashara ni huria, nondo zimeegemezwa nje ya maduka ya Mbugani kama kuni, lakini pampu ile hakuna. Na kwa kuwa ilitolewa gerejini kwetu, Mzee Mussa anasema nimeiuza. "Wewe mlokole, mdomoni zaburi, mkononi spana ya kuibia! Jumatatu tutaelewana polisi."

Juzi nikamlilia Mama Tumaini. Akaniambia: "Baba Neema, mbona hiyo pampu yenu naifagilia kila asubuhi?"

Kumbe siku ya kujengea kaburi lako, mimi nikiwa Tukuyu kutafuta simenti ya kumalizia, shemeji zako walikosa nondo. Miaka ile ungezipata wapi? Wakachukua vyuma vya gereji, wakavipanga juu yako, wakamwaga zege. Kibomba kimoja kimechomoza upande wa miguu. Nimepita hapo miaka yote, naona kutu tu.

Mama Tumaini anasema nivunje. "Angekuwa yeye, angeshashika tindo." Lakini tindo nalishika, nalirudisha. Nikikuta zege limeijaa tumboni je? Nitakuwa nimekuvunjia nyumba bure, na polisi bado naenda. Na watu watasema, fundi gani huyu anayemchokonoa mwalimu wake kwa ajili ya moshi?

Maandiko yanakataza kuwauliza wafu. Basi sikuulizi, nakuarifu tu. Jumamosi, mchungaji akishaomba, nitaanza upande wa miguu, polepole, kama ulivyonifundisha: "Chuma hakipendi hasira." Sitafika ulipo. Na nitakujengea upya kwa nondo za kweli, nakuahidi mbele za Mungu.

Kwaheri, Fundi. Ukisikia nyundo usishtuke, ni mimi. Ila kama Bwana anaruhusu, nijibu mapema, kabla sijapiga ya kwanza.

Mwanafunzi wako,
Lusekelo