Tangu Nianze Kusikia Vizuri, Busara Imenitoka

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijakitupa motoni kifaa alichoninunulia mwanangu. Mimi ni mjane, mtu mzima, naishi kijiji cha wafugaji milimani Naryn, kondoo ninao, wajukuu ninao, Mungu simlalamikii, na kwa miaka mingi watu wameniita mwenye busara, ukizuka ugomvi wa ndoa au wa malisho wanasema twendeni kwa Mama Uulkan, na sifa hizo zilikuwa tamu, sikatai, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sisikii vizuri, mtu akinieleza shida yake nadaka nusu, nusu inanipita, naona haya kusema mimi kiziwi, basi namwambia, "Rudia mwanangu, taratibu, tangu mwanzo," anarudia, namrudisha tena, sauti inatulia, mwishowe anasema mwenyewe, "Kumbe hata mimi nilikosea, mama," anakunywa chai, anaondoka akinisifu, na mimi sijatoa shauri lolote.

Kiangazi hiki binti yangu Kenje aliniletea kutoka mji mkuu, Bishkek, kifaa cha kusikilizia, nikasikia hata birika likianza kuchemka, nikafurahi kama mtoto. Ndipo akaja Nurjamal, mkwe wa jirani yangu Seide, analia, akasema, "Mama mkwe ananifukuza jikoni, hata maziwa ya farasi hataki niyaguse," nami kwa kuwa nimesikia kila neno nikaona yametosha, nikamkatiza, "Rudi kwenu! Wakukose ndipo wajue thamani yako!" Akaenda kweli, akavuka daraja hadi kwa wazazi wake. Kesho yake mumewe akaja, akasimama mlangoni, kukaa hataki: "Mama, umemwambia nini mke wangu? Ana mimba, harufu ya mafuta inamtapisha, mama yangu alikuwa anamhurumia tu. Mke wangu alikuja kukuuliza atamsaidiaje mama bila kumuudhi!" Sasa Seide hanisemeshi, na Nurjamal anasema harudi mpaka niende kumchukua mimi niliyemtuma, nami naona haya, maana kijiji kizima kitajua kwamba busara sikuwa nayo, nilikuwa kiziwi tu. Je, nikivue kifaa hiki?

Uulkan, Naryn

JIBU

Shikamoo, Mama Uulkan. Nimecheka, kisha nikamfikiria yule binti na mimba yake njiani, kicheko kikakatika.

Kifaa kiache sikioni, hakijakosa kitu. Zamani ulikuwa na subira kwa sababu masikio yalikulazimisha. Sasa hayakulazimishi tena, na subira itabidi uilete mwenyewe, kila mtu anapobisha hodi. Ni kazi ngumu zaidi, lakini unaiweza, umeifanya maisha yako yote.

Uniwie radhi, nikugombeze kidogo. Hukumkatiza Nurjamal kwa sababu ulisikia vizuri. Ulimkatiza kwa sababu ulishazoea kuitwa mwenye busara, ukataka mara hii neno litoke kinywani mwako. Ukamhukumu Seide, jirani yako wa miaka yote, bila hata kumuuliza. Na hata sasa, binti wa watu yuko ng'ambo ya mto, wewe unaniuliza habari za jina lako! Aibu gani hiyo, mama? Waambie wewe mwenyewe kwamba ulikuwa husikii. Watakutania wiki mbili, kisha wataleta ugomvi wao kama kawaida, maana chai yako wanaipenda na kwako hawakatizwi. Walikuwa hawakatizwi, niseme.

Sasa fanya hivi. Kaanga mkate, mkono mtupu haulambwi, uende kwa Seide kwanza. Sema, "Nimekukosea," halafu nyamaza, hata akifoka. Kisha vukeni daraja wote wawili. Kwa Nurjamal usitoe amri ya kurudi, umeshatoa amri ya kutosha. Mwombe akueleze upya lile alilokuja kukuuliza, na safari hii mwache amalize.

Lakini usingoje kesho. Kuna mama mkwe kijijini kwenu aliyemtoa mkwewe jikoni kwa huruma, leo anaambiwa amemfukuza. Fika kwake kabla hajatoka kwenda kukamua.