Ngozi ya Ndama Bungeni

Mama Mutua,

Huna adabu. Tangu tukufukie kwenu Mwingi umekuja kwangu mara moja tu, na siku hiyo ulisimama mlangoni mwa ndoto na birika lako, ukawamiminia chai watu nisiowajua, ukaondoka. Hata salamu! Wewe ambaye jua lilikuwa halipandi kabla hujaniuliza nimelalaje! Njia ya Garissa umeisahau, au huko umepata muuza maziwa mwingine? Kama umempata, mwambie maziwa yake yana maji. Simjui, lakini mwambie.

Anayeandika ni Hodan, mjukuu wangu, yule uliyemzoesha mandazi mpaka akakataa uji. Mimi nasema, yeye anaandika. Kiswahili changu amekinyoosha kidogo, usicheke. Kile kilichopinda ndicho tulichotumia kugombana sokoni miaka yote, mimi na mitungi yangu ya maziwa ya ngamia, wewe na meza yako ya chai, na hatukuwahi kukosa kuelewana.

Sasa kaa chini, kama huko kuna viti. Maneno yako yamefika Bungeni.

Unakumbuka siku niliyokupeleka kwa shemeji yangu malishoni? Ngamia wake alikuwa amefiwa na ndama, akabana maziwa. Shemeji akaleta ngozi ya yule ndama, akamwekea puani. Ngamia akanusa, akaguna ile sauti ya mama, maziwa yakashuka. Kwetu hata mtoto hageuki kutazama jambo hilo. Wewe ukalia. Mtu mzima, una wajukuu, unamlilia ngamia! Kikombe ulichopewa ukakirudisha. "Mama Abdi, siwezi. Huyu amedanganywa." Nilicheka mpaka kanga ikanianguka.

Halafu ikaja ile siku ya jiwe. Wakubwa walikuja na magari kuweka jiwe la msingi la soko letu la maziwa, eti tutajengewa paa na tutaletewa mashine ya kupoza maziwa. Sisi tukapiga vigelegele. Maziwa yetu yanachachia juani, wewe ulijua, nani asingepiga? Wewe peke yako hukupiga. Uliweka birika chini, ukasema kwa sauti ile yako ya kuita wateja: "Mama Abdi, nusa vizuri. Hiyo ni ngozi. Ndama yuko wapi?"

Tangu hapo soko zima likawa na neno moja. Mume akiahidi godoro jipya, ndama yuko wapi? Fundi akisema kesho, ndama yuko wapi? Na jiwe limekaa pale pale, mbuzi wanalikojolea.

Mheshimiwa wetu, yule mrefu, siku hizo bado ni karani wa kawaida, alikuwa mteja wako. Kila asubuhi kwenye benchi lako, chai ya tangawizi, masikio wazi. Sasa ni mbunge. Mwezi uliopita Waziri alisimama Bungeni akasema soko la maziwa la Garissa "liko katika hatua nzuri." Sisi tulikuwa tumekaa hapo hapo kwenye hatua nzuri, jua likitukaanga, redio imetundikwa kwenye msumari. Mara tukasikia sauti ya mtu wetu.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "kwetu ngamia akifiwa na ndama hubana maziwa kwa uchungu. Basi mchungaji humletea ngozi ya yule ndama. Ngamia ananusa, anadhani mtoto yupo, maziwa yanashuka. Serikali kila uchaguzi inatuwekea jiwe la msingi puani. Tunanusa. Kura zinashuka. Mheshimiwa Spika, ndama yuko wapi?"

Wallahi, Mama Mutua, nilikusikia wewe. Mtungi ulinitoka mkononi.

Huko Bungeni kelele. Mmoja akasimama, hoja ya nidhamu, mwenzake ameiita serikali mzoga. Mwingine, huyu amewatukana wapiga kura wake, amewaita ngamia. Sisi sokoni tukatazamana. Kuitwa ngamia ni tusi tangu lini? Spika akasema lugha hiyo haifai mahali hapo, mheshimiwa aiondoe hiyo ngozi na aombe radhi, la sivyo atoke nje.

Hapo soko zima liliisogelea redio. Hakuna aliyepima maziwa. Nilijua akiomba radhi, Waziri atakaa, jambo litafungwa, na sisi tutakaa juani mpaka tukufuate. Na nilijua jambo jingine, silifichi: akiyafuta maneno yale, anakufukia mara ya pili. Nikaiambia redio, "Simama, we kijana. Simama hapo hapo."

Halafu akasema pole pole, "Mheshimiwa Spika, naiondoa ngozi, na kwa ngozi naomba radhi. Sasa Waziri alete ndama."

Bunge lilianguka kwa kicheko. Hata Spika, tulimsikia akikohoa kikohozi cha mtu anayeficha meno. Waziri akalazimika kusimama tena na kusema mafundi watakuja. Sisi tulipiga mitungi kama ngoma za harusi, na yule Fatuma mnene, ambaye hajawahi kumpa mtu hata tone la bure, akagawa maziwa.

Ijumaa baada ya swala mheshimiwa akaja mwenyewe, magari na vijana, kuja kusifiwa. Nilimsubiri. Akainama kunisalimu vizuri, sikatai, ana malezi.

"Ayeyo, bibi yangu, umenisikia?"

"Nimekusikia. Maneno yalikuwa ya nani?"

Akatazama viatu vyake. "Ya Mama Mutua wa chai."

"Ulimtaja?"

"Ayeyo, Spika hakunipa muda."

"Ngamia alipata muda, Mama Mutua akakosa?"

Watu wakaanza kucheka. Yeye pia akacheka. Nikamwacha acheke amalize.

"Na siku ya jiwe, nani alikuwa anabeba ndoo ya saruji nyuma ya wakubwa, shati jeupe, meno yote nje?"

Kicheko kikamwishia. "Mimi, ayeyo."

"Basi ngozi ile ilipita mkononi mwako pia. Usiisimulie kama mgeni."

Nilikuwa nimejiandaa. Shemeji alinipa ngozi ya ndama, ya kweli, haijakauka sawasawa. Nikaitoa kwenye gunia nikamwekea mikononi mbele ya watu wote. Nikamwambia aitundike nyumbani kwake Nairobi, nyuma ya mlango, na asiitoe mpaka nikae chini ya paa. Angefanyaje? Aliipokea. Gari lile la vioo vyeusi liliondoka vioo vyote vimeshushwa, na dereva ametoa kichwa nje kama mbuzi aliye kwenye lori.

Na mafundi wamekuja kweli. Nguzo zimesimama. Wenzangu walipotaka kupiga vigelegele niliwaambia wangoje. Hiyo ni miguu ya ndama, tumbo bado. Lakini nakwambia wewe peke yako, na Hodan asiandike hili kwa herufi kubwa: nilipoona nguzo ya kwanza nilienda nyuma ya ukuta nikalia. Ungekuwepo ungenicheka mpaka kanga ikuanguke. Ingekuwa zamu yako.

Mahali pako sijampa mtu. Amekuja msichana wa chai, mzuri, lakini tangawizi anaitia kwa woga. Nimemweka upande wa kulia. Kushoto ni kwako. Nakuahidi, siku mabati yakipanda, birika la kwanza chini yake litapikwa kwa mkono wangu, kwa tangawizi nyingi ile yako ya kuchoma koo, na kikombe cha kwanza atapewa mpita njia yeyote kwa jina lako. Akiuliza Mama Mutua ni nani, atakaa mpaka jioni. Mungu akulaze pema, rafiki yangu, usilale sana.

Sasa sikia, ukija tena usisimame mlangoni. Pitia sokoni kwanza, utazame juu. Ukikuta mabati, ingia, kaa kushoto kwangu, sema salamu kama mtu. Ukikuta nguzo tupu, kwangu usije. Pitiliza mpaka Nairobi, umwingie yule mrefu usingizini, umuulize swali lako. Nyumba yake hutaikosa. Fuata harufu.