Shikamoo ya Swali la Mwisho

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Kinyangiri hatujambo, alizeti tumeshavuna. Poleni kwa kutolewa mashindanoni. Unauliza kama nami niliwahi kushindwa chemshabongo nikiwa shuleni? Sana tu!

Tulikuwa fainali, swali la mwisho, na jibu nilikuwa nalo. Nikasimama. Mwamuzi alikuwa mzee. Ningeanzaje bila salamu? "Shikamoo," nikasema, nikangoja aitikie. Yeye alikuwa ameinamia saa yake. Muda ukaisha, tukashindwa. Wenzangu hawakunisema hata kidogo; nawashukuru hadi leo.

Tulipokuwa tunapanda lori kurudi nyumbani, yule mzee alikuja akikimbia, akanishika mkono.

"Marahaba, binti yangu," akasema.

Majibu yote ya siku ile nimeyasahau, isipokuwa hilo.

Bibi yako