Cheti Kwenye Bahasha ya Eksirei

Hosteli ya wasichana, chumba cha kumi na nne
3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba sikio la kulia bado halijamfuata mwenzake. Mimi sijambo ila mafua, na mafua ya hosteli hayana mwenyewe, tunapokezana kama ndoo ya bafuni. Mama kaniambia wewe na simu mmeshaachana kabisa, mtu anakupigia kelele na wewe unajibu "ndiyo" kwa lolote. Ndiyo maana naandika.

Baba, nina jambo. Muhula huu tumebadilishiwa vyumba, na mwenzangu wa chumbani sasa anasomea udaktari, mwaka wa kwanza. Nikamuuliza shahada yake ya kwanza alisomea nini. Akanitazama kama nimemuuliza ana wajukuu wangapi. Ametoka sekondari, akaomba, akachukuliwa. Nikadhani ana mjomba ofisini. Kesho yake nikaenda mwenyewe dirisha la udahili. Karani ni mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, udaktari wenyewe ndiyo shahada ya kwanza. Nani kakwambia uanze na nyingine?"

Miaka miwili napita mbele ya dirisha lile nikienda kwenye mizizi na majani ya shahada yangu ya mimea, na sijawahi kusimama kuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaniambia udaktari huanza na shahada nyingine.

Sharti lao ni kwamba matokeo ya sekondari yasizidi miaka mitatu. Yangu yanatimiza mitatu mwaka huu, kwa hiyo hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Alama zinatosha, karani kazitazama mara mbili. Udhamini wangu unaweza kuhamia huko kwa kuwa chuo ni kilekile. Fomu nimejaza, na baadaye kutakuwa na usaili wa kemia na baiolojia, huo siuogopi. Kinachokosekana ni cheti changu chenyewe, si nakala wala picha ya simu. Mwisho ni tarehe 30 Machi, saa kumi jioni.

Mama anasema kimo kwenye ile bahasha kubwa ya eksirei, kwenye kabati la chumba cha plasta hapo hospitalini kwako, ulikokihamishia paa la nyumbani lilipovuja, na kwamba ufunguo unalala shingoni mwako. Kipeleke ofisi ya vifurushi ya mabasi, siku mbili kitakuwa kimenifikia.

Mwanao,
Bandeji


Chumba cha plasta
21 Februari

Bandeji wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku wazima. Sikio la kulia lipolipo, linasikia msumeno wa plasta na mama yako, mengine linayaacha yapite. Pole na mafua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Sasa nisikilize. Hospitali hii nimeingia kabla hujazaliwa. Hao madaktari unaowaona wakitembea na makoti yao, nusu yao mimi ndiye niliyewafundisha kuzungusha bandeji bila kumkaba mgonjwa vidole. Na yule daktari mrefu mgeni, aliyekaa nasi mwaka mzima, alinieleza kwa kinywa chake, tumeketi kwenye benchi hilihili ninaloandikia: alisoma kwanza miaka minne ya kitu kingine, akapata shahada, ndipo wakamfungulia mlango wa udaktari. Sasa kati ya daktari na karani wa dirishani, nani anajua?

Wewe unataka uache shahada katikati, ukimbilie njia ya mkato, wakikukataa urudi mikono mitupu huku na huku. Sikubali. Vijana wa mtaa huu wote huja kwangu na maswali haya. Juzi tu nimemwelekeza binti wa fundi viatu, kamaliza sekondari na alama za kupendeza. Nikamwambia aanze na shahada yoyote ya sayansi, udaktari baadaye. Akashukuru, akasema kwao miaka yote hiyo haitawezekana, na sasa anamsaidia baba yake kibandani. Ndiyo hivyo, udaktari si wa kila mtu. Lakini wewe umeshafika nusu.

Cheti kipo salama. Maliza mizizi na majani yako, kisha tutazungumza. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako


Hosteli
5 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mafua yamekwisha.

Humu ndani kuna ukurasa wa masharti ya kujiunga. Nimeunakili kwa mkono, neno kwa neno, na karani akaugonga muhuri usije ukasema nimetunga. Mstari wa nne nimeupigia alama. Yule daktari mrefu hakukudanganya, baba. Kwao ndivyo wanavyosoma. Hapa sivyo, basi.

Muulize daktari yeyote hapo kazini. Mmoja tu. Wanapita mlangoni pako kutwa nzima.

Unakumbuka likizo zile nilizokuwa nashinda kwako nikikunja bandeji? Nilikuwa na miaka saba. Ulikuwa ukiwaambia wagonjwa, "Huyu hatafunga plasta kama mimi, huyu atakuja kuwasomea picha za eksirei." Wao wanacheka, mimi nakunja. Sikuwahi kutaka kitu kingine tangu siku zile, na wewe ndiye uliyenitia hamu hiyo.

Sikuombi ruhusa, baba. Naomba cheti. Nisamehe kama nimevuka mpaka, lakini zimebaki siku ishirini na tano.

Bandeji


Nyumbani
17 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijui uko katika hali gani, na najua kwa nini sijui.

Naandika yote, maana mama yako amesema nisipoeleza mimi ataeleza yeye, na yeye hatapunguza kitu.

Barua yako yenye muhuri ilinifikia tarehe tisa. Mstari wa nne niliuelewa siku ileile. Nikakitoa cheti kabatini, nikakitia mfuko wa ndani wa koti la kazi, nikasema kesho nitauliza, nikishauliza nitatuma. Kila kesho ilinikuta na sababu. Mara wagonjwa wengi, mara ndoo imetoboka. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuuliza. Madaktari vijana wananiita profesa wa plasta. Nimezoea kuwa mtu anayeulizwa. Ningekwenda kwa yupi nikamwambie kwamba miaka ishirini nimewaelekeza watoto wa watu kwa maneno ya mgeni mmoja niliyepiga naye soga kwenye benchi? Nikafika mahali nikajiambia labda ule muhuri ni wa bandia.

Tarehe ishirini na tisa nilikuwa na yule daktari wa mifupa mwenye miwani, tunamfunga mzee mmoja kifundo cha mguu. Nikamuuliza kama mtu anayetania, "Daktari, hivi wewe shahada ya kwanza ulisomea nini?" Akajibu bila kuinua kichwa. Sikusikia. Akarudia, sikusikia. Ikabidi achukue karatasi ya dawa aniandikie: "Sikuwa nayo. Nilitoka sekondari moja kwa moja, kama wenzangu wote hapa." Mgonjwa naye akanyoosha shingo akasoma. Bandeji ya plasta niliyokuwa nayo ikanikaukia mkononi kabla sijaizungusha.

Nilikwenda ofisi ya vifurushi na koti la kazi, viatu vimejaa unga wa plasta. Basi la siku hiyo lilikuwa limeondoka. Kifurushi kikaenda na la kesho yake, tarehe thelathini, na safari ni siku mbili.

Mama yako alijua yote tarehe moja. Tangu hapo ananitengea chakula kisha anakwenda kukaa nje. Na wewe hujaandika. Kama nisingejua, ningekuwa na pa kujitetea. Lakini nilijua siku ishirini nzima, na cheti nilikuwa nacho kifuani.

Niandikie hata neno moja. Likiwa baya pia litafaa.

Baba yako


Hosteli
30 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, ila sasa naweza kushika kalamu.

Cheti kilifika tarehe moja Aprili, saa nne asubuhi. Nilikimbia nacho hadi dirishani nikiwa na kandambili. Karani alikipokea kwa mikono miwili, akasoma alama zote taratibu, akanirudishia. Fomu zilikuwa zimeshapelekwa kwa wakubwa tangu juzi yake. Akauliza kilichelewea wapi. Nikasema basi liliharibika njiani. Sijawahi kusema uongo kwa ajili yako kabla ya hapo, na sikupenda ladha yake.

Mitihani ya muhula nimefaulu. Likizo hii sitakuja, nimepata kazi ya kupanga sampuli za majani maabara. Msalimie mama.

Binti yako


Nyumbani
14 Julai

Bandeji, kama jina hilo bado naruhusiwa kulitumia,

Nimeshukuru kupata barua. Afya zetu si haba. Mama yako ameanza kuniambia "chumvi hiyo hapo," nasi tunasonga hivyo hivyo.

Nimekwenda ofisi ya mitihani. Nilisimama foleni nikauliza mbele za watu, nikawaambia masikio yangu hayafanyi kazi, niandikieni. Wameniandikia. Unaweza kurudia mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa nje, matokeo yakawa mapya, ukaomba tena. Fomu nimeichukua na kuijaza yote, jina, shule, masomo. Imebaki sehemu moja tu, pale chini. Sikuombi msamaha, mwanangu. Naomba sahihi yako.

Na nilikwenda kibandani kwa fundi viatu. Nikamwambia binti yake mbele ya baba yake kwamba nilimpotosha, kwamba anaweza kuomba udaktari kama alivyo, na alama zake bado zimebakiza miaka miwili. Fundi aliendelea kugonga msumari kwenye kisigino mpaka ukatokeza upande wa pili. Binti aliniuliza kitu kimoja tu, mwisho wa kupeleka fomu ni lini. Nikasema sijui, nitauliza. Sijui kama umewahi kunisikia nikisema hivyo.

Wako wengine, miaka ya nyuma. Mmoja ana watoto watatu sasa. Kwake bado sijapata miguu ya kwenda.

Baba yako


Hosteli
2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mama kaniambia sikio la kulia nalo limeaga. Pole sana, baba. Nikija tutaandikiana mezani kama wanafunzi wanaoibia mtihani.

Fomu nairudisha bila sahihi. Nimekaa nayo wiki sita, mara nyingine kalamu iko mkononi. Kurudia mtihani ni kuacha chuo mwaka mzima, na nikiacha udhamini unakatika, karani ameniangalizia. Nikikosa tena sitakuwa na huku wala huko. Mwezi Februari nisingeogopa. Sasa naogopa, na hilo nalo limetoka kwenye koti lako, siwezi kulificha. Nitamaliza mizizi na majani. Si kazi mbaya. Mkuu wa maabara anasema nina jicho zuri.

Lakini nitaandika jambo moja mara hii tu, na nikija tusilizungumze. Ningekuwa daktari mzuri, baba.

Kwenye kifurushi hiki kuna madaftari sita, manne ya kemia na mawili ya baiolojia. Niliyaandaa kwa ajili ya usaili. Mpelekee binti wa fundi viatu. Mwambie mwisho ni 30 Machi kama mwaka huu, ila asingoje Machi. Aje mwenyewe dirishani, amuulize karani mtu mzima mwenye sweta ya kijani, aseme ametumwa nami. Hana pa kulala, atalala chumbani kwangu. Na cheti chake asimpe mtu amshikie.

Changu nimekitia katikati ya daftari la kwanza, kitoe kabla hujampa. Huku hakuna anayekiuliza tena. Kirudishe kwenye bahasha ya eksirei, ufunge kabati, ufunguo uvae mwenyewe.

Nitakuja Desemba. Mwambie mama asiniandalie makubwa.

Mwanao,
Bandeji