Kanzu Iliyobaki Chini ya Ngozi

Mama Mariamu,

Salamu nyingi. Huko uliko sijui barua zinafika kwa njia gani, lakini mimi sijawahi kushindwa na jambo kwa sababu ya njia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zimelala, najua. Ni zile zile za masomo ya jioni pale kanisani. Ulizicheka, nikakuambia hapa Kintinku wazee wanaojua kuandika tunahesabika. Bado tunahesabika.

Mimi mzima. Mbuzi wazima. Uwele mwaka huu umejaa ghalani, na hakuna wa kuniambia nisijisifu.

Nina shauri. Mariamu anataka ninunue pasi.

Ile ya mkaa, ya chuma, yenye kijogoo mbele cha kufungia mfuniko. Mwarabu wa duka la stesheni ameiweka mlangoni watu waione. Mariamu alipokuja kutoka Kilimatinde na tumbo lake kubwa, hata kukaa hakukaa. Akanitazama toka begani hadi kisigino. "Shikamoo baba. Baba, umelala ndani ya debe?" Mtoto wako huyo. Huo mdomo ni wako, mimi simo.

Sababu unaijua. Ulikuwa unateleka chungu cha maji, kikitokota unaishika kanzu yangu juu ya mvuke, unaipitisha polepole mpaka inalegea. Halafu unaikunja kwa kufuata mishono, unaiweka chini ya ngozi ya ng'ombe, upande wako wa kitanda, unalala juu yake. Mimi usingizini ni punda anayegaagaa vumbini. Wewe ulilala kama gogo la mninga, hugeuki. Jumapili kanzu ya mwalimu wa kanisa ina makunyanzi, yangu haina. Watu wakiniuliza kama nina pasi ya Ulaya, nawajibu ninayo, tena kubwa kuliko zote. Nawe unapaza sauti toka jikoni, "Pasi yako ni mimi, Baba Mariamu, na mimi sili mkaa. Nataka nyama!"

Basi. Ulipokwenda nikasema kazi hiyo nitaiweza. Mimi niliyebeba mataruma ya reli begani tangu enzi za Mjerumani, Mwingereza akaja akanikuta bado nabeba, nishindwe na kanzu?

Mvuke ukanichoma vidole. Kanzu nikaiweka chini ya ngozi upande wangu, asubuhi ikatoka kama utumbo wa ng'ombe. Nikafikiri, kinachopungua ni uzito. Nikalichukua jiwe lako la kusagia, nikaliweka juu ya kanzu kutwa nzima. Sikulikung'uta. Jumapili nikaenda kanisani na duara jekundu la unga wa mtama mgongoni, mimi sijui. Petro, yule rafiki yangu asiyefunga mdomo, akaninong'oneza toka nyuma, "Mzee mwenzangu, leo umebeba mwezi." Wanakwaya wakacheka katikati ya wimbo. Nikakaa kichwa juu mpaka mwisho. Nyumbani ndipo kilipoinama.

Utauliza kwa nini sikuiweka upande wako.

Upande wako kuna kanzu, Mama Mariamu. Ile nzuri. Uliiweka mwenyewe kabla homa haijakulaza, ukaniambia, "Usiiguse mpaka Jumapili." Jumapili ilipofika tulikuwa tunakuzika. Nilikuzika nimevaa koti la kazi.

Matanga yalipoisha, dada zako walikuja kugawana vitu vyako kama desturi. Vyungu niliwapa. Shanga na kaniki niliwapa. Walipoigusa ngozi, nikapanda kitandani nikakaa juu yake. Wakanivuta mkono, sikuondoka. Dada yako mkubwa akasema, "Mwacheni, huyu fahali amezeeka vibaya." Wanadhani nina uchoyo wa ngozi. Kilichoko chini yake sikuwaambia, wala Mariamu sikumwambia.

Sasa Mariamu amejifungua. Ni msichana. Wamempa jina lako, Damari. Jumapili hii anabatizwa, na mimi ndiye nitakayempakata. Mariamu ameniletea neno: "Baba aje na kanzu iliyonyooka, ama abaki na mbuzi wake."

Nikaenda dukani. Nikaishika ile pasi. Nzito, nasema kweli, chuma kizuri. Mwarabu akanisifia, "Mzee, hii inanyoosha chochote." Nikaiweka chini, nikatoka. Pale nje nililia. Watu wakanitazama, nikawaambia ni moshi wa treni umeniingia machoni. Treni ilikuwa haijafika.

Maana nikiinunua, nitaipiga pasi kanzu ile nyingine, na yako itabaki pale pale ulipoiweka. Nisipoinunua, sharti niitoe yako. Nikiivaa siku moja tu imekunjamana, na kazi ya mikono yako haipo tena duniani. Nimezunguka na shauri hili kama ng'ombe aliyepoteza zizi. Wa kumuuliza ni wewe.

Leo asubuhi nikainua ngozi. Ipo. Panya hawakuigusa. Imenyooka, mishono imelaliana vile vile ulivyoilaza. Nikainusa. Moshi wa jiko lako bado umo. Pale pale neno lako likanirudia. Ulisema mpaka Jumapili. Hukusema Jumapili ipi.

Basi nitaivaa. Nitapanda mlima wa Kilimatinde nimeibeba kichwani, ndani ya kitambaa, nitaivaa mlangoni pa kanisa. Damari atalala kifuani pangu, ataifinyanga kwa vidole vyake, akitaka kukojoa akojoe.

Nikirudi nitainunua pasi, kwa ajili ya nguo nyingine, Mariamu apate kunyamaza. Lakini kwa kanzu hii nakuahidi: makunyanzi atakayoyatia mtoto sitayanyoosha kwa mvuke wala kwa moto. Nitairudisha chini ya ngozi, upande wako. Siku yangu ikifika nitakuwa nimeshamwambia Mariamu anivike hiyo hiyo.

Utaniona naja nimekunjamana. Usinicheke mbele za watu. Niulize tu ni nani aliyeyatia makunyanzi, nami nitakusimulia habari zake.

Lala salama, pasi yangu.

Ni mimi, Baba Mariamu