Mafuta ya Miguu ya Akongo na Egau

Kwa Shangazi Akwi,
S.L.P. 76,
Busia, Kenya.
Jumapili, 16 Februari 1975.

Mpendwa Baba Mdogo Ikiring,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, Mama Nangila, na wadogo zangu Akongo na Egau, na kwamba baridi ya huko Ujerumani imeanza kupungua. Hapa kwa Shangazi sisi wazima. Mvua bado haijanyesha, na vumbi la malori yanayongoja forodhani limetuingilia hata kwenye unga. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Kamusi uliyonitumia mwaka juzi jalada limeachia, lakini kurasa zote zipo, nami nakushukuru kwa kila ukurasa.

Nyumbani, ng'ambo ya mpaka, Baba ni mzima wa mwili. Tangu siku ile askari walipomchukua langoni mwa kiwanda cha saruji kumwuliza ulikokimbilia, hapendi kushika kalamu, ndiyo sababu barua zako najibu mimi. Hakulaumu. Wala hakutaji. Tafadhali usiandike tena kwa anwani ya nyumbani, hata kadi ya Krismasi. Andika hapa kwa Shangazi tu.

Chumvi na sabuni ng'ambo hazipatikani. Jumamosi nikienda nyumbani nazifunga kiunoni chini ya sketi, na mimi nisiyeweza kumwomba mwalimu chaki bila kutetemeka, sasa najua kumtazama askari machoni na kusema sina kitu.

Baba Mdogo, picha yenu imefika. Ni picha nzuri. Akongo amevaa suti nyekundu ya kung'aa, miguuni amefungwa mbao mbili nyembamba, mikononi ana fimbo mbili. Egau, ambaye hajatimiza hata miaka mitatu, amefungwa mkanda kifuani wenye kamba nyuma, na mwanamke wa Kizungu ameinama na kumshika katikati ya magoti yake. Wote wawili wana miwani mikubwa ya kuficha uso. Nyuma yao ni weupe mtupu, kama ukurasa ambao haujaandikwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko masomo yangu. Sasa najua kwamba mtoto mdogo haogopi kuanguka, kwa sababu yuko karibu na ardhi. Kwamba siku ya kwanza asipewe fimbo, bali ajifunze kutembea na mbao zake mahali tambarare, kama bata. Kwamba akitaka kusimama anaingiza vidole ndani na kutoa visigino nje, mpaka mbao zifanye umbo la paa la nyumba. Kwamba glavu zishonewe uzi wa kupita shingoni zisije zikapotea. Na kwamba mara anapoanza kulia asilazimishwe, apelekwe ndani apewe maziwa ya moto yenye chokoleti, la sivyo ataichukia theluji maisha yake yote. Nilipofika pale Egau alipoteleza peke yake kidogo, akaanguka, akacheka, nilicheka nami. Kisha nikaona haya kwa kucheka.

Maana hukuuliza Nyanya alikula wapi Krismasi. Kwa hiyo nitakueleza bila kuulizwa.

Mwezi wa nane uliandika kwamba mtakuja Desemba, hapa upande wa Kenya ambako hakuna wa kukutafuta, ili Nyanya amwone huyo Akongo mliyempa jina lake. Nilimsomea barua ile mpaka akaijua kwa moyo. Akamwagiza Ojangole, yule fundi seremala, achonge viti viwili vidogo, kimoja kiwe kifupi kuliko kingine. Akakaanga karanga, akazisaga mwenyewe kwenye jiwe, chungu kizima, kwa sababu wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiramba mwiko.

Nilikwenda kumchukua. Tulitembea kutoka nyumbani Dabani, yeye amejitwika chungu, mimi nimebeba viti. Kwenye kizuizi cha mpakani kuna askari alitusimamisha.

“We mzee, nabeba nini?”

“Karanga ya kusaga, mwanangu.”

“Hiyo magendo.”

“Hapana. Napelekea wajukuu.”

“Wajukuu gani nakula chungu mzima?” Akachovya kidole, akaramba, akachovya tena. “Tamu. Basi leo mimi ndiyo mjukuu wako.” Wenzake wakacheka sana. Chungu kikabaki palepale, nasi tukapita na viti. Tulipovuka, Nyanya alinipokea kiti kimoja, akajitwika. Ndipo akasema, “Si kitu, watoto wageni huwa hawapendi karanga mara ya kwanza.”

Baba Mdogo, alikaa mlangoni kwa Shangazi akitazama kituo cha mabasi. Kila basi la Nairobi lilipoingia alisimama, akajifunga leso vizuri, na basi lilipokwisha kumwaga watu wake alikaa tena. Alifanya hivyo kabla ya Krismasi, siku ya Krismasi yenyewe, na baada ya Mwaka Mpya. Kuku wa Shangazi wakazoea kupanda juu ya vile viti. Alipokata tamaa alivipangusa, akavisukuma chini ya kitanda, akasema, “Msivikalie.” Nikamrudisha nyumbani.

Tangu siku hiyo hakukutaja, na Januari yote alilia chinichini usiku. Unajua jinsi Nyanya anavyosali, anavyowataja watoto wake kwa kufuatana walivyozaliwa. Alikuwa akimtaja Baba, kisha moja kwa moja Shangazi Akwi. Mahali pako alikuwa akivuta pumzi tu.

Hapo ndipo bahasha yako ilipofika. Mimi na Shangazi tuliivusha ndani ya jalada la atlasi yangu. Macho ya Nyanya yameingia ukungu, na daktari wa macho aliyekuwa Tororo aliondoka pamoja na Wahindi wenzake walipofukuzwa, hakuna aliyeshika nafasi yake. Kwa hiyo aliitoa picha mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu na pua. Alitazama mbao. Alitazama fimbo. Alitazama mkanda wa Egau na yule mwanamke aliyemshika.

Unamkumbuka jirani yetu Odhiambo? Binti yake aliugua polio, na masista wakamfunga vyuma miguuni na kumpa magongo mawili ya kutembelea. Nyanya amemwona msichana huyo akipita kwetu kila Jumapili.

“Wote wawili?” Nyanya akauliza.

“Wote wawili nini, Mama?” Shangazi akasema.

“Miguu.”

Hatukuelewa upesi. Akaendelea, akigusa picha kwa kidole. “Huyu mkubwa angalau anasimama na magongo yake. Huyu mdogo mpaka sista amshikilie. Maskini Ikiring. Kumbe mwanangu hakukataa kuja. Alishindwa kuwabeba, na aliona haya kuniambia mimi.” Kisha akalia, lakini hakikuwa kile kilio cha chinichini cha Januari. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Akanigeukia. “Soma, Elinah. Anasemaje juu ya miguu yao?”

Nikafungua barua yako. Chini ya kidole changu cha gumba palikuwa na sentensi hii uliyoiandika kwa mkono wako: “Tuliona safari ya nyumbani ingoje watoto wakue, na likizo hii tuitumie kwa jambo watakalolikumbuka.” Niliitazama sentensi hiyo. Kisha nikasoma hivi: “Wanaanguka mara nyingi, lakini wanajifunza. Hawalii sana. Kuna mwalimu anayewashika. Egau alikwenda peke yake kidogo, akaanguka, akacheka.”

Yote ni maneno yako. Sikuongeza hata moja.

Shangazi alinivuta jikoni. “We msomi, unafanya nini? Mwambie mama yangu ukweli! Mwambie mwanawe amewafunga watoto mbao wateleze mlimani kama mbuzi kwenye matope, tena kwa raha zao!”

“Shangazi, amelitaja jina lake,” nikasema.

Akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. “Haya,” akasema, “lakini mzigo huo utaubeba wewe, si mimi.”

Jioni ile katika sala Nyanya alimtaja Baba, akakutaja wewe, kisha Shangazi. Alikurudisha mahali pako.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nyanya alitembea mwenyewe mpaka Iyolwa, na kikohozi chake na macho yake, kwa mama mmoja mzee anayekanda viungo. Alimpelekea yule kuku wake mweupe anayetaga, na akapewa mafuta, ndiyo hayo katika kopo hili ninalolituma pamoja na barua. Posta walilikataa mara ya kwanza kwa kuwa lilivuja, Shangazi akaliziba kwa nta na kulishonea kitambaa. Yapakwe kutoka gotini kwenda chini, asubuhi na jioni, bila kukandamiza sana. Ndivyo alivyoagiza.

Aliagiza na jambo la pili, nami naliandika kama alivyolisema: “Mwambie asiwalete. Njia yetu ni mbaya kwa miguu kama hiyo. Mimi nitawaona mbinguni, na huko watatembea.”

Nimeandika sentensi hiyo, na nimepumzika kidogo kabla ya kuendelea.

Unaona alichokufanyia, Baba Mdogo? Amekuachilia. Ulikuwa na ahadi juu ya kichwa chako, naye ameiondoa kwa mikono yake miwili, kwa sababu anaamini una shida kubwa kuliko ya kwake. Nikinyamaza, huna tena sababu ya kuja. Nikisema, atajua kwamba alisimama kwa kila basi wakati wajukuu wake wanakunywa maziwa ya chokoleti. Nimetafuta katika vitabu vyangu neno la kumwambia mtu mzima katika hali hii, sijalipata. Nimefundishwa kwamba mtoto hamrekebishi mzazi wake. Lakini sikufundishwa la kufanya mzazi anaponiachia barua mkononi.

Usidhani sijui kwa nini huwezi kuvuka. Najua. Namwona Baba kila Jumamosi akikaa na mgongo ukutani. Hakuna mtu kwetu anayekutaka uvuke. Lakini ulizuiwa kuvuka mpaka tu. Hukuzuiwa kufika Nairobi, wala kupanda basi, wala kushuka hapa mlangoni kwa dada yako. Na tafadhali usinijibu kwamba safari ni ngumu kwa watoto wadogo. Nimeona picha. Watoto wanaoweza kushuka mlima wa barafu wanaweza kushuka ngazi za basi.

Wala sisemi kuteleza ni kubaya. Kama ningezaliwa huko, ningeogopa kwanza, kisha ningetaka kujaribu. Kinachoniuma ni kwamba ulijua, na ukaniandikia vizuri hivyo, kwamba mtoto lazima aanze akiwa mdogo, asiachwe mpaka azoee woga. Kumbe kwa theluji ulilijua hilo, na kwa Nyanya ukasema wangoje wakue. Wao watakua. Yeye anafanya nini wakati huo?

Basi naomba hivi. Njooni Pasaka, hapa kwa Shangazi. Vile viti bado viko chini ya kitanda. Mkishuka kwenye basi msiwabebe watoto na msiwashike mikono. Waonyesheni Nyanya alipo, kisha waacheni wamkimbilie. Akiwaona wanakuja kwa miguu yao, atasema ni mafuta. Mimi nitasema ni mafuta. Shangazi ameapa kwamba naye atasema ni mafuta, ingawa atakutazama vibaya kidogo ukimpa mkono.

Msipokuja, siku shule zitakapofungwa mwezi wa nne nitamsomea barua yako yote, tangu mstari wa kwanza, pamoja na glavu na chokoleti na ile sentensi ya likizo. Sitaki. Nitatetemeka kama ninavyotetemeka darasani. Lakini nitasoma, kwa sababu siwezi kumwacha afe akiwaombea miguu watoto wazima.

Nisalimie Mama Nangila. Mwambie simlaumu yeye, maana sijui ni nani kati yenu aliyeamua. Mwambie Akongo kwamba jina analoitikia lina mwenyewe. Mpe Egau busu langu shavuni. Shangazi Akwi anasema salamu zake utazisikia kwa mdomo. Baba hakutuma salamu, lakini jana nilipomwambia nitakuandikia, aliniuliza kama ninazo stempu za kutosha.

Mungu awalinde na kuanguka, ninyi huko na sisi huku.

Ni mimi, binti ya kaka yako, nikupendaye hata sasa,

Elinah.

N.B. Mafuta hayo yapake kweli, tafadhali, hata kama ni mara moja tu, nipate kumjibu akiniuliza. Yapashe moto kwanza. Nyanya anasema yakiwa baridi hayaingii.