Katapila Lililolala na Majembe

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwa mama mdogo, blanketi mabegani, maana baridi ya Uyole siku hizi haina tofauti na ya kwetu Kilolo. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati bado inakusaidia, au umesharudi kubeba kuni kabla hujapona? Bibi je, anapata usingizi? Sisi huku ni wazima. Shule inaendelea vizuri, na mtihani wa fizikia niliokuwa nauogopa umepita salama.

Uliniambia, "Faraja, maneno ya simu hayakai. Niandikie, nimsomee bibi yako, na mimi nijue miti ya baba yako imekwenda wapi." Najua unaiwaza ile misindano, mama. Baba aliipanda nilipozaliwa ili inisomeshe, akafa kabla haijakomaa, na wewe umekubali ikatwe ili baba mdogo anunue katapila. Najua majirani wanapita kwenye lile shamba tupu wakisema umempa shemeji yako urithi wa mtoto. Kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na yale yaliyotuharibikia.

Siku ya kununua ilikuwa Jumamosi, na baba mdogo alinichukua twende wote mjini. Mama mdogo akashangaa, "Unampeleka mtoto yadi ya mashine akafanye nini?"

"Leo si mtoto," akajibu. "Leo ni macho ya shemeji."

Katapila la kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa na rangi ya njano inayong'aa, ungedhani limetoka kiwandani asubuhi ile. Mimi nililipenda palepale. Baba mdogo hakuitazama rangi. Aliomba liwashwe, lichote udongo ndoo ijae, mkono wake mrefu unyanyuliwe juu kabisa, halafu injini izimwe. Kisha akaniambia, "Twende tukanywe chai."

Tulivuka barabara, tukaagiza chai na chapati. Nilimnong'oneza, "Baba, si tungebaki kuliangalia?"

"Ya nini? Mkono mzima haushuki hata ukiuacha peke yake. Kula chapati."

Tuliporudi, ile ndoo ilikuwa karibu kugusa ardhi. Muuzaji akaanza kujitetea, "Bosi, hilo limechoka kidogo tu. Ukibadilisha mipira ya ndani linakuwa jipya."

"Hata mimi nimechoka," baba mdogo akasema, "lakini nikishika kikombe mkono haushuki."

La pili lilikuwa limebabuka rangi, na mlango wake umefungwa kwa waya. Moyo wangu ulilikataa. Likanyanyuliwa kama lile la kwanza, tukarudi kwenye chai, na safari hii sikuweza kumaliza kikombe changu. Tuliporudi ndoo ilikuwa palepale juu, na kuku wa jirani anachakura chini ya kivuli chake bila wasiwasi. Baba mdogo alikagua minyororo, akanusa oili, akaingia uvunguni, akatoka shati limekuwa jeusi. Alipomaliza kila kitu aliweka kiganja kwenye ule mkono wa chuma, akasema polepole, "Kaka, tumepata." Hakuwa anaongea na muuzaji, mama. Mimi nilijifanya natazama kuku.

Sasa nikueleze kosa letu.

Kazi ya kwanza ilitoka kwa Bi. Salma, mfanyabiashara wa viazi ambaye ukoo wake ulitoka pwani kuja Mbeya zamani sana. Anajenga ghala ng'ambo ya barabara kuu, na alitaka mteremko ukatwe na msingi uchimbwe kabla ya mvua. Alituambia wazi kwamba tukichelewa ataleta katapila la mtu mwingine kutoka mjini. Baba mdogo alimwahidi kuanza Jumamosi alfajiri. Watu wa mtaa wote walikuwa wamesikia kwamba sasa opereta, ndivyo wanavyomwita baba mdogo, ana mashine yake mwenyewe, na kila mtu alingoja kuona itakuwaje.

Ijumaa jioni akafariki baba Atupele, mzee tunayepakana naye uzio. Unajua mila, mama, ni kama kwetu. Mpaka maiti azikwe, hakuna anayegusa ardhi kwa jembe. Mama mjumbe wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kukumbusha, na baba mdogo aliitikia kama wengine. Usiku ule alikwenda msibani, akatoa pole na mchango wake. Lakini asubuhi akaenda kazini.

Mama mdogo alimuuliza mlangoni, "Baba Joni, na msiba?"

"Mimi silimi, mke wangu. Ni mashine. Tena ni ng'ambo ya barabara."

Miaka yote amefanya kazi za barabara, na kule mtu wa kijiji akifa greda halisimami. Nafikiri ndiyo sababu. Hakuwa na dharau hata kidogo.

Nilikuwa nimempelekea uji nilipowaona wanakuja. Mama mjumbe alikuwa mbele, kanga imefungwa kiunoni, nyuma yake wanaume watatu wa msibani. Mngurumo ulikuwa umefika mpaka kwenye mikeka ya wafiwa. Baba mdogo alipunguza moto wa injini lakini hakuizima.

"Baba Joni, majembe yamelala," mama mjumbe akasema.

"Najua, mama. Lakini hili si jembe."

"Linachimba?"

"Linachimba."

"Linachimba maji au udongo?"

"Udongo."

"Basi ni jembe. Tena ni kubwa kuliko yetu yote, na kelele zake zinamfikia mjane."

Nilimwona baba mdogo akitazama ule mteremko, halafu wingu lililokuwa limekaa juu ya mlima. Bi. Salma alikuwa amesimama pembeni na simu mkononi. Niliogopa, mama, nikaiona misindano yetu yote ikitupotea asubuhi ile. Baba mdogo akazima injini.

Akashuka, akamwendea Bi. Salma. "Mama, sitaweza leo. Kesho pia sina hakika. Ukitafuta mwingine sitakulaumu."

Bi. Salma akalitazama lile wingu. Kisha akasema, "Nitangoja mazishi. Mvua ikinitangulia, sitangoja tena."

Baba mdogo akarudi nyumbani, akavua buti, akachukua jembe la mama mdogo na kwenda moja kwa moja walikokuwa wanachimba kaburi. Sisi wasichana tulikuwa tunapeleka maji, kwa hiyo niliyasikia mengi. Walipomwona tu, watani wa marehemu wakaanza.

"Karibu, opereta! Leo huna kiti!"

"Mpisheni ashuke, tuone mafundi wanavyochimba."

Akashuka. Walikataa kumpokea zamu haraka kama walivyopokezana wenyewe. Jasho likamtoka, akasimama kupumua, na mmoja wao akapiga kelele, "Jamani, mafuta yamekwisha! Mtieni dizeli!" Wote wakacheka, hata baba mdogo akacheka, akanywa maji yangu na kuendelea. Chini kulikuwa na mwamba. Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba katapila lingeumaliza mara moja. Kaka wa marehemu akamjibu, "Mzee huyu amewachimbia wenzake kwa mikono mpaka nywele zikawa nyeupe. Naye atachimbiwa kwa mikono." Wakatumia sururu mpaka mwamba ukakubali. Baba mdogo alitoka mle viganja vimepasuka. Nilimfunga kitambaa, na hakuna aliyemtania tena.

Mzee alizikwa siku ya pili yake, baada ya ndugu wa mbali kufika. Mvua haikunyesha, ila wingu lilishuka mpaka mabatini na mimi nililitazama kila saa.

Asubuhi iliyofuata majembe yalifunguliwa. Huku mfiwa ndiye anayeanza, analima kidogo nyumbani kwake, na baada ya hapo watu wote wako huru. Nilikuwa nimevaa sare, najiandaa kwenda shule, nikasikia hodi. Alikuwa mjane, mama Atupele, na jembe lake begani na mama mjumbe pembeni yake.

"Baba Joni," akasema, "la kwangu nimeliamsha. Lako nalo lililala na yetu. Twende."

Tulivuka barabara tukiwa kundi zima. Mama Atupele alisimama mbele ya katapila, akapiga jembe mara moja kwenye udongo wa Bi. Salma, akainua lile pande la udongo, akaliweka juu ya minyororo. "Amka, baba," akaliambia. "Fanya kazi." Wanawake wakapiga vigelegele, na baba mdogo akapanda kuwasha huku anapangusa macho kwa mkono wenye kitambaa. Nilichelewa shule, mama, nikaadhibiwa kufagia darasa, nami nilifagia kwa furaha.

Msingi ulikamilika kabla ya mvua. Bi. Salma aliukagua akiwa amejifunika mwavuli, akasema ng'ambo ya ghala kuna kiwanja cha mdogo wake nacho kina kazi. Halafu mama mjumbe akaja kuulizia mtaro wa bomba la maji la mtaa. Akasema watu wa kamati wamekubaliana bila ubishi, kwa sababu opereta mwenyewe wanamfahamu tangu kaburini. Sasa kazi zinasubiriana, na baba mdogo amekwisha kunilipia ada ya muhula ujao kutokana na mashine, kama alivyokuahidi. Risiti naiambatanisha.

Kwa hiyo, mama, miti imekwenda hapa. Inafanya kazi, na inajulikana kwa wema.

Jana aliniruhusu nikae kwenye kiti na kushika vile vishikio viwili, injini ikiwa inanguruma. Nilinyanyua mkono ule mwenyewe, taratibu, na ndoo ikabaki juu nilipoiacha. Nimemwambia mwalimu wangu wa fizikia kwamba ningependa kusoma mambo ya udongo na ujenzi. Hakucheka. Alisema niongeze bidii katika hesabu, nami naongeza.

Jambo moja nakuomba. Usiwape vijana kazi ya kuchoma visiki kule shambani. Baba mdogo amepata kazi ya bwawa la samaki karibu na Iringa mjini kiangazi kijacho, na akimaliza atalileta katapila mpaka Kilolo aving'oe vyote, ili upande miche mipya. Anasema hapo kwetu hatawasha mpaka wewe upige jembe la kwanza. Naomba tuache kisiki kimoja tu, cha ule msindano wa njiani ambao baba alikuwa akinipima urefu. Nitakuja likizo, na ningependa kukikalia nikiwaangalia.

Msalimie bibi, na umwambie blanketi alilonipa ndilo hili nililojifunika. Msalimie shangazi wa dukani, na mdogo wangu Tumaini, umwambie ndoo inamtosha kuingia na rafiki zake wote, ila haruhusiwi. Mama mdogo, Joni na baba mdogo wanakuamkia. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la viazi la Bi. Salma, mpe chai.

Lile jembe lako la mpini mfupi, mama, lipelekwe kwa fundi likakazwe kabisa.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Faraja